Akira Kurosawa: Mtohozi wa Vitabu Katika Filamu

Utangulizi

Baina ya wapenzi wa vitabu na wapenzi wa sinema kuna ugomvi wa miaka mingi usioelekea kwisha. Kila kitabu kipendwacho kinapogeuzwa filamu, waliokisoma hutoka ukumbini wakinung'unika kwamba mhusika fulani hakuwa hivyo, tukio fulani limeachwa, na mwisho umepotoshwa. Aidha, wapo wasomi wanaozidharau filamu za tanzu pendwa, yaani filamu za mapanga, za upelelezi, za kauboi na za mizimu, wakiziona kuwa kipumbazo cha vijana kisichostahili kutajwa pamoja na fasihi.

Miongoni mwa waliozijibu hoja hizi mbili kwa vitendo, ni wachache waliofika upeo wa Akira Kurosawa, mwongozaji wa filamu wa Japani aliyefariki mwaka 1998. Kati ya filamu 30 alizoziongoza, nyingi zilichota maji katika visima vya vitabu alivyovienzi: vya Shakespeare, Dostoevsky, Tolstoy, Gorky, Akutagawa, na hata riwaya za upelelezi zilizouzwa kwa bei nafuu Marekani. Nyingi zilivaa vazi la tanzu pendwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anao istilahi ya kumwelewa bwana huyu. Neno la Kiarabu kitab lilipoingia katika Kiswahili liliongezewa irabu mwishoni, likakaribishwa katika ngeli ya KI-VI, na wingi wake ukawa vitabu wala si kutub kama ulivyokuwa kwao. Neno hilo halikuharibika, bali lilipata makao. Huo ndio utohozi. Maisha ya Kurosawa yanaonyesha kuwa kitabu nacho kinaweza kutoholewa, na kwamba utohozi una sheria zake, gharama zake na maadili yake.

Malezi na elimu

Kurosawa alizaliwa jijini Tokyo tarehe 23 Machi 1910, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanane. Baba yake, Isamu, alitoka katika ukoo wa samurai na alifanya kazi katika taasisi ya elimu ya viungo iliyohusiana na jeshi. Alikuwa mtu mkali wa nidhamu. Hata hivyo, katika enzi ambapo walimu wengi waliiona sinema kuwa upotovu, yeye aliwapeleka wanawe kuitazama akiamini kuwa ina mafunzo. Kwa hivyo mtoto Akira alikua akila katika sahani mbili: ya mapokeo ya Kijapani na ya picha zilizotoka ng'ambo.

Mtu aliyemwathiri zaidi alikuwa kaka yake Heigo, aliyemzidi miaka minne. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliiangamiza Tokyo na miji ya jirani. Heigo alimshika mkono mdogo wake, akampitisha katikati ya magofu na maiti, na kila kijana huyo alipotaka kugeuza uso, kaka alimwamrisha atazame. Kurosawa alikuja kueleza baadaye kuwa siku ile alijifunza kwamba kitu cha kutisha kikitazamwa sawasawa hupunguza makali yake. Atakayeziona filamu zake atang'amua kuwa somo hilo halikumtoka.

Heigo alikuwa msomaji mkubwa wa fasihi ya Kirusi, na ni kwa njia yake Akira alizamia kazi za Dostoevsky, Tolstoy na Gorky. Kazi yake ilikuwa ya benshi, yaani msimulizi aliyesimama kando ya kiwambo katika enzi za filamu zisizo na sauti, akawaeleza watazamaji kisa, akaigiza sauti za wahusika na kutia maoni yake. Sanaa hiyo haiko mbali na ya mtambaji wa hadithi, wala na ya wale wasimulizi wanaozifasili filamu za kigeni kwa Kiswahili katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki. Filamu zenye sauti zilipoingia, mabenshi walipoteza riziki. Mwaka 1933 Heigo alijitoa uhai. Miezi michache baadaye kaka yao mkubwa akafariki kwa maradhi, na Akira akabaki mwana wa kiume wa pekee.

Wakati huo Kurosawa alikuwa amejaribu uchoraji, akashiriki hata katika chama cha wasanii wa tabaka la wafanyakazi, lakini brashi haikumpa chakula. Alipoona tangazo la studio ya PCL, ambayo baadaye iligeuka Toho, likiwataka waombaji waandike insha kuhusu kasoro za kimsingi za filamu za Kijapani na namna ya kuzirekebisha, alijibu kwa ucheshi kuwa kasoro ikiwa ya kimsingi haina dawa. Badala ya kukataliwa, aliajiriwa mwaka 1936. Huko alilelewa na mwongozaji Kajiro Yamamoto, aliyemwambia kuwa asiyeweza kuandika mswada hawezi kuwa mwongozaji kamili. Tangu hapo Kurosawa aliichukua kalamu kuwa nusu ya kazi yake.

Kazi ya kwanza: riwaya ya judo

Filamu yake ya kwanza, Sugata Sanshiro ya mwaka 1943, ilitokana na riwaya ya Tsuneo Tomita kuhusu kijana anayejifunza judo. Kurosawa aliona tangazo la kitabu hicho kabla hakijauzwa madukani, akahisi ndani ya nafsi yake kuwa kinamfaa, akakisubiri, akakisoma kwa mkupuo mmoja na kuisihi Toho inunue haki zake. Hakikuwa kitabu cha maprofesa bali riwaya pendwa ya mapigano. Kurosawa hakukionea haya. Ndani ya mieleka ile aliona kisa cha kijana mwenye nguvu anayejifunza unyenyekevu, na akakieleza kwa picha. Tukio moja linakumbukwa hadi leo: viatu vya mbao ambavyo Sanshiro ameviacha njiani vinaonyeshwa vikinyeshewa, vikichezewa na mbwa na kufunikwa na theluji, na mtazamaji anajua kuwa miezi imepita na kijana amejitoa kwa mwalimu wake. Riwaya ingehitaji aya nzima kulieleza jambo hilo.

Wadhibiti wa serikali ya wakati wa vita walitaka kuikwamisha filamu hiyo kwa madai kuwa ina harufu ya Uingereza na Marekani. Aliyeiokoa ni mwongozaji mashuhuri Yasujiro Ozu, aliyekuwa miongoni mwa waamuzi na akaisifu. Tangu siku hiyo shutuma kwamba Kurosawa ni mtu wa Magharibi aliyevaa kimono haikumwacha nchini kwake hadi alipozeeka.

Rashomon na Hakuchi: mizani ya mwaka mmoja

Mwaka 1950 Kurosawa alitoa Rashomon, filamu iliyounganisha hadithi fupi mbili za Ryunosuke Akutagawa. Kutoka katika hadithi ya mwaka 1922 alichukua kisa cha samurai aliyeuawa kichakani, ambapo kila shahidi, hata marehemu mwenyewe kupitia kwa mpiga ramli, anatoa ushahidi unaokinzana na wa wenzake. Kutoka katika ile ya mwaka 1915 alichukua lango bovu la mji na mvua yake. Kisha akaongeza jambo ambalo Akutagawa hakuliandika: mtoto mchanga aliyetupwa langoni, na mkata kuni maskini anayeamua kumlea. Akutagawa anamwacha msomaji katika giza la shaka, ilhali Kurosawa aliongeza mshumaa mmoja. Wapo wahakiki wanaouona mshumaa huo kuwa usaliti, na wapo wanaouona kuwa ndio roho ya filamu. Hata wasaidizi wake walimwendea kabla ya upigaji picha wakilalamika kuwa hawauelewi mswada, naye akawataka wausome tena kwa makini.

Kabla sifa za Rashomon hazijaenea, alitimiza ndoto yake ya ujanani ya kuitengeneza riwaya ya Dostoevsky iitwayo kwa Kijapani Hakuchi, yaani Mpumbavu. Kati ya waandishi wote, huyu ndiye aliyempenda kuliko wengine, na ilivyo ada, ampendaye mtu humwogopa. Aliihamishia riwaya hiyo katika theluji ya kisiwa cha Hokkaido baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini kuhusu matukio na mazungumzo alijitahidi asiache kitu. Toleo alilolikamilisha lilikuwa na dakika 265. Studio ya Shochiku ilishtuka, ikaamuru likatwe, na lililobaki ni la dakika 166. Kurosawa alighadhabika akasema kwamba kama ni lazima kukata, basi afadhali waukate utepe kwa urefu. Toleo refu limepotea. Katika lililopo, maelezo marefu ya maandishi yanajitokeza kwenye kiwambo kuziba mapengo, na wahusika wanabeba maneno ya kitabu kama wapagazi wabebao mizigo isiyo yao.

Si haki kumlaumu Kurosawa kwa makasi ya wengine, na filamu hiyo ina sura za uzuri usiosahaulika. Hata hivyo, kazi aliyoiheshimu kupita zote ndiyo iliyomshinda kuigeuza. Wahakiki waliishambulia, na studio nyingine ikavunja mpango wake naye. Siku moja alikwenda kuvua samaki ili kujiliwaza, uzi wa ndoano ukakatika mara tu alipourusha, akarudi nyumbani kwa huzuni. Mkewe, Yoko, alimpokea kwa pongezi: Rashomon, iliyopelekwa Venice bila yeye kujua, ilikuwa imetwaa tuzo kuu ya tamasha la mwaka 1951. Ndani ya mwaka mmoja mizani ilikuwa imepima filamu mbili. Ile aliyothubutu kuiongezea na kuiunda upya ilivuka bahari. Ile aliyoogopa kuipunguza ilizama bandarini.

Kuchukua swali, si maneno

Ikiru, ya mwaka 1952, inaonyesha kuwa somo lilimwingia. Chimbuko lake ni riwaya fupi ya Tolstoy kuhusu kifo cha Ivan Ilyich. Tolstoy anaanza na habari za kifo jinsi zinavyowafikia wenzake marehemu kazini, kisha anarudi nyuma kusimulia maisha yake. Kurosawa aliugeuza mpangilio huo. Karani mzee, Watanabe, aliyeigizwa na Takashi Shimura, anagundua kuwa ana saratani ya tumbo na kwamba miaka yake thelathini ofisini imepita bila maana. Anaamua kutumia siku zake za mwisho kuwajengea watoto wa mtaa wa kimaskini uwanja wa kuchezea. Filamu ikiwa haijaisha, anafariki. Sehemu iliyobaki ni matanga yake, ambapo makarani wenzake wanakunywa, wanabishana kuhusu aliyeujenga uwanja, wanakumbuka vipande vipande kwa mbinu rejeshi, wanaapa kubadilika, na kesho yake wanarudi katika uzembe wao. Hakuna jina wala mandhari ya Tolstoy yaliyosalia. Kilichosalia ni swali lake: mtu anayekaribia kufa aseme aliishi kwa ajili ya nini?

Miswada yake mingi haikuandikwa na mtu mmoja. Kurosawa alijifungia katika nyumba za wageni pamoja na waandishi kama Shinobu Hashimoto na Hideo Oguni, kila mmoja akaandika, wakasomeana na kukosoana bila huruma. Ndivyo ilivyoandikwa Shichinin no Samurai, yaani Samurai Saba, ya mwaka 1954, yenye dakika 207. Hiyo ni filamu ya mapanga kwa kila kigezo: kuna wakulima wanaoporwa, kuna mashujaa wa kukodiwa, kuna vita katika mvua na matope. Wakati huohuo ni uchambuzi wa matabaka, kwani wakulima wanawaogopa walinzi wao kama wanavyowaogopa majambazi, na mwishowe ushindi ni wa walima mpunga, huku samurai waliosalia wakibaki na makaburi ya wenzao. Aliyedai kuwa utanzu pendwa hauwezi kubeba maudhui mazito alijibiwa hapo.

Macbeth katika ukungu wa Fuji

Kilele cha utohozi wake ni Kumonosu-jo, yaani Ngome ya Utando wa Buibui, ya mwaka 1957. Kurosawa alikuwa na nia ya kuitengeneza Macbeth miaka ya nyuma, akaahirisha aliposikia kuwa Orson Welles wa Marekani ameitangulia mwaka 1948. Alipoirudia, alifanya jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: aliiacha lugha ya Shakespeare, kitu ambacho tamthilia hiyo inasifiwa kwacho zaidi. Mazungumzo ni machache na yameandikwa upya. Mahali pa ushairi aliweka kitu chenye uzito uleule katika utamaduni wake, nacho ni Noh, tamthilia ya kale ya Kijapani yenye miondoko ya polepole, nyuso zilizotulia kama vinyago, na kiitikio kinachoimba juu ya ubatili wa dunia.

Wachawi watatu waligeuka bikizee mmoja anayesokota uzi katika msitu. Mke wa jemadari, Asaji, aliyeigizwa na Isuzu Yamada, haonyeshi hisia usoni. Kinachosikika ni msuguano wa hariri yake anapotembea, anaingia katika mlango wa giza na kutoka akiwa amebeba mtungi wa kileo utakaowalevya walinzi. Tena Kurosawa alimpa mimba. Jemadari Washizu alikuwa amekubali mtoto wa rafiki yake awe mrithi, lakini anaposikia kuwa mkewe ana mimba, tamaa inamrudia na rafiki anauawa. Kisha mtoto anazaliwa maiti. Shakespeare hakuliandika tukio hilo, lakini linajibu swali ambalo wahakiki wa Macbeth wamelijadili kwa karne nyingi kuhusu wanandoa wale wasio na mrithi.

Mwisho nao ulibadilishwa. Washizu hauawi na adui katika pambano la wawili bali na askari wake mwenyewe, wanaommiminia mishale hadi anageuka nungunungu. Mwigizaji Toshiro Mifune alirushiwa mishale ya kweli na wapiga upinde stadi, na hofu inayoonekana usoni mwake si ya kuigiza tu. Jambazi mkuu anapouawa na mfumo wa usaliti alioujenga mwenyewe, maana ya tamthilia inazidi kukomaa. Filamu hiyo, isiyofasiri mistari ya Shakespeare, imehesabiwa na wahakiki wengi miongoni mwa filamu bora zilizotokana na kazi zake.

Ieleweke kuwa Kurosawa hakuligeuza jambo hili kuwa kanuni ya upofu. Katika mwaka huohuo wa 1957 alitengeneza Donzoko kutokana na tamthilia ya Gorky kuhusu maskini wanaoishi katika banda moja, na safari hii aliufuata msuko wa asili kwa karibu sana, akibadilisha tu mahali kuwa Edo ya zamani. Kazi ilifaulu kwa sababu tamthilia hiyo ilihitaji chumba kimoja na waigizaji walioelewana, navyo alikuwa navyo. Kitabu chenyewe ndicho kilichomwonyesha kiasi cha kukibadilisha.

Deni na maadili yake

Mwaka 1961 alitoa Yojimbo, kisa cha samurai asiye na bwana anayeingia katika mji wenye magenge mawili na kuyagonganisha hadi yote yanaangamia. Miaka mitatu baadaye mwongozaji wa Italia, Sergio Leone, alitoa filamu ya kauboi, A Fistful of Dollars, yenye kisa hichohicho karibu tukio kwa tukio, bila idhini. Kurosawa alimwandikia kuwa filamu ile ni nzuri, lakini ni yake yeye Kurosawa. Shauri lilimalizwa kwa malipo yaliyoripotiwa kuwa asilimia 15 ya mapato pamoja na haki za usambazaji katika nchi kadhaa za Asia. Kwa upande mwingine, Wamarekani waliogeuza Samurai Saba kuwa The Magnificent Seven mwaka 1960 waliukiri msingi wake waziwazi.

Kisa hiki kina pande mbili. Wahakiki wameonyesha kuwa Yojimbo yenyewe inafanana na riwaya za upelelezi za Dashiell Hammett, na mapenzi ya Kurosawa kwa filamu za kauboi za John Ford yanajulikana. Alikuwa mkopaji aliyekopwa. Tofauti iko katika kukiri deni. Mwaka 1963, alipotaka kuitumia riwaya ya Ed McBain ya mwaka 1959, jina la mwandishi na kitabu chake lilitajwa katika Tengoku to Jigoku, yaani Pepo na Jahanamu. Ni filamu ya upelelezi kuhusu tajiri wa kampuni ya viatu ambaye mtoto wa dereva wake ametekwa nyara kwa kudhaniwa kuwa wa tajiri mwenyewe. Je, mtu afilisike kwa ajili ya mtoto wa mwingine? Tajiri wa Kurosawa analipa na kufilisika. Nusu ya kwanza ya filamu imefungwa katika sebule ya nyumba ya kilimani, na nusu ya pili inateremka katika joto la vichochoro vya Yokohama. Riwaya ya kusomwa safarini iligeuka hoja kuhusu pengo la matajiri na maskini.

Kuanguka na kuinuka

Baada ya Akahige, yaani Ndevu Nyekundu, ya mwaka 1965, mambo yalimwendea mrama. Televisheni ilikuwa imewapunguza watazamaji wa sinema, na studio ziliuona ukamilifu wake kuwa hasara. Aliondolewa katika filamu kubwa ya Kimarekani kuhusu shambulio la Pearl Harbor, na Dodesukaden ya mwaka 1970, filamu yake ya kwanza ya rangi, haikuingiza fedha. Desemba 1971 alijaribu kujitoa uhai, akanusurika. Yaliyompata kaka yake karibu yamfike naye, na kwa sababu inayokaribiana: sanaa aliyoitumikia ilikuwa haimhitaji tena.

Aliyemwinua alikuwa kitabu cha zamani. Akiwa kijana alikuwa amevisoma vitabu vya mpimaji wa ardhi wa Kirusi, Vladimir Arsenyev, kuhusu mwindaji mzee wa misitu ya mashariki ya Siberia aitwaye Dersu Uzala. Alikuwa amewahi kufikiria kukihamishia kisa hicho Hokkaido, akaona hakihamishiki, kwa kuwa mhusika mkuu kwa hakika ni msitu wenyewe. Wasovieti walipomwalika, alikitaja kitabu hicho. Akaenda kukitengeneza palepale kilipozaliwa, kwa Kirusi, katika baridi kali. Filamu ilitoka mwaka 1975 na kupata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mtohozi mkuu alijua pia ni wakati gani wa kutotohoa.

Mwaka 1980 alitoa Kagemusha, akisaidiwa kupata fedha na Wamarekani George Lucas na Francis Ford Coppola waliojiita wanafunzi wake. Mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 75, alitoa Ran, ambapo King Lear ilikutanishwa na masimulizi ya Kijapani kuhusu kabaila Mori Motonari na wanawe watatu. Binti wa Lear waligeuka wana wa kiume. Aidha, Kurosawa alimpa mzee wake kitu ambacho Lear hana, nacho ni historia: miji aliyoichoma, koo alizozifyeka, kijana aliyempofusha. Mateso yake ya uzeeni si balaa tu bali ni mavuno ya alichopanda. Wakati wa utengenezaji mkewe Yoko alifariki. Kurosawa alisitisha kazi kwa muda mfupi, akaomboleza, akarudi kazini.

Alitoa filamu nyingine tatu, ya mwisho mwaka 1993, na akafariki jijini Tokyo tarehe 6 Septemba 1998 akiwa na umri wa miaka 88. Kazi zake nazo zimeendelea kutoholewa. Mwaka 2022 Ikiru ilihamishiwa London kwa mswada wa Kazuo Ishiguro, na mwaka 2025 Spike Lee aliihamishia Tengoku to Jigoku jijini New York.

Hitimisho

Maisha haya yana funzo la karibu kwa wanaojifunza Kiswahili. S. S. Mushi alikwisha kuipa lugha hii Makbeth mwaka 1968. Mwalimu Julius Nyerere, baada ya kumfasiri Julius Caesar mwaka 1963, alitoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Angeweza kuwaita wafanyabiashara. Kwa kuwaita mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliiingiza tamthilia nzima katika mjadala wa Tanzania kwa neno moja. Huo nao ni utohozi, na mwenye kuutenda alijua anafanya nini.

Kila mwaka nchini Kenya vikundi vya maigizo huzunguka katika shule vikiigiza vitabu teule, na nyingine hurekodiwa zikauzwa. Mara nyingi sifa inayotafutwa ni kwamba neno halikuachwa. Kwa mtahiniwa hilo lina faida yake. Lakini siku riwaya ya Kiswahili itakapopelekwa kwenye kiwambo kama kazi ya sanaa, iwe ya upelelezi, ya majini au ya mapenzi, swali la kuuliza halitakuwa ni kurasa ngapi zimesalia. Swali litakuwa kama kitabu kimepata ngeli yake katika nyumba mpya, na kama aliyekihamisha amemtaja mwenye nacho.